Nta na polishi kwa boti inayokaa majini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali ya nta ni yaleyale yanajirudia, na karibu yote yanaanza na "ipi ni bora?" wakati la kwanza lilitakiwa liwe boti yenyewe inalala wapi. Boti inayopandishwa kwenye trela na kufunikwa turubai ina maisha yake. Ile inayoelea kwenye boya mwaka mzima haipumziki, jua linaipiga juu, mwanga unarudi kutoka kwenye maji unaipiga ubavuni, chumvi kila mahali. Hapa tunaongelea hiyo ya pili, hasa ya faibaglasi. Mambo ya rangi, mbao na chuma yako mbele kidogo.

## Tuanze na msingi

Nta na polishi si kitu kimoja?

Sio kabisa, ingawa makopo yenyewe yanachanganya watu. Polishi ina chembechembe ndogo za kusugua, kazi yake ni kuondoa ule utando uliochakaa juu mpaka ufikie sehemu nzima. Kompaundi ni polishi hiyohiyo ila chembe zake ni kali zaidi. Nta haisugui chochote, inakaa juu kama koti. Kwa kifupi polishi inatoa, nta inaweka, na mng'ao unaouona unatoka kwenye polishi, nta inaulinda tu. Ndo maana ukipaka nta nzuri juu ya jelikoti iliyofifia unapata kitu kilichofifia chenye nta.

Kuna zile zinazofanya kazi zote mbili kwa mpigo mmoja. Kwa boti ambayo haijachoka sana zinafaa na zinaokoa siku nzima ya kazi, ila ulinzi wake haudumu kama ukipiga polishi kwanza halafu nta peke yake.

Jelikoti ni nini na kwa nini inafifia?

Ni lile tabaka la nje lenye rangi ambalo boti ya faibaglasi inatoka nalo kiwandani, mara nyingi unene wake ni kama nusu milimita tu, kumbuka hiyo namba tutairudia kwenye msasa. Miale ya jua inavunjavunja resini ya juu, uso unakuwa na vitundu vidogo sana, uchafu na chumvi vinaingia humo, mwisho unapitisha mkono na kiganja kinatoka na unga mweupe kama umefuta ubao wa darasani. Nta haizuii jua milele, inachofanya ni kujitoa mhanga yenyewe kwanza, inaliwa yeye badala ya jelikoti. Ikishaliwa yote kazi imeisha na jelikoti inaanza kuliwa.

Boti yangu mpya kabisa inang'aa, nipake ya nini?

Paka. Huu ndo wakati rahisi kuliko wote maana hakuna cha kusugua, unaosha, unafuta vizuri, unapaka, basi. Wanaosubiri mpaka ififie ndo wanaokuja kuuliza habari za kompaundi.

## Kuchagua

Kuna aina ngapi?

Ukiacha majina ya kwenye kopo, tatu. Ya kwanza ni nta ya karnauba, inatoka kwenye majani ya mti fulani wa jamii ya minazi wa kaskazini mashariki mwa Brazil, inapendeza, inapakika kirahisi, ila kwa boti inayoelea kwenye jua kali hesabu wiki kadhaa mpaka miezi miwili hivi. Ya pili ni silanti ya polima, yaani nta ya kutengenezwa maabara, hiyo inashika uso vizuri zaidi na inaenda miezi minne, sita, kutegemea jua. Ya tatu ni koti ya seramiki, inatokana na silika, inakauka ikawa ngumu na ikipakwa sawasawa inapita mwaka, wengine wanafika miwili.

Kwa hiyo ninunue ipi bana?

Kama boti inakaa majini muda wote, polima. Watu wanategemea niseme seramiki kwa sababu ndo inadumu, na kwenye karatasi ni kweli inadumu, ila angalia inavyodai: uso uwe umepigwa polishi mpaka mwisho, usiwe na mafuta hata kidogo, uwe mkavu, halafu ukishapaka usiguswe na maji kwa masaa kadhaa, bidhaa nyingine zinataka siku nzima au zaidi. Boti iliyo kwenye boya inarushiwa maji na kila chombo kinachopita. Na mwaka ujao ikianza kuchoka upande mmoja huwezi kupanda kidau na kopo ukaigusia tu (ona lile swali la seramiki iliyochakaa, chini kabisa).

Polima unaipaka asubuhi, unaifuta, mchana imelowa na haijali. Mimi napima hivi: ile ambayo utaweza kuirudia boti ikiwa hapohapo ilipo ndo itakayoilinda. Kama lakini unaipandisha boti nchi kavu kila mwaka, na una sehemu yenye kivuli au paa, na una siku tatu nne za kukaa nayo, basi seramiki piga, hutojuta.

Imeandikwa "karnauba safi 100%", hiyo si ndo yenyewe?

Karnauba ikiwa peke yake ni ngumu kama kigae, inayeyuka kwenye nyuzi 82 mpaka 86 za selsiasi, huwezi kuisambaza kwa sponji. Kila kopo lazima liwe na viyeyusho, mafuta au nta laini za kuilainisha, hiyo 100% inaongelea aina ya karnauba iliyotumika, haiongelei kopo zima. Sio kwamba ni mbaya, inatoa mng'ao mtamu hasa kwenye rangi nyeusi na bluu, ila ugumu wa hilo jani hauhamii wote kwenye boti yako.

Na zenye PTFE?

PTFE ni ile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Kule kiwandani inashikishwa kwenye chuma kwa joto kali sana, yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 327, sasa wewe unaifuta kwa kitambaa asubuhi kwenye upepo. Nta zenye hiyo kitu nyingine ni nzuri kweli, ila uzuri unatoka kwenye polima zilizobaki humo. Usiongeze hela kwa sababu ya hizo herufi nne.

Nta ya gari inafaa?

Itakaa, haitaharibu, ila utairudia mapema zaidi. Tatizo kubwa liko kwenye polishi ya gari sio nta, polishi ya gari imetengenezwa kwa ajili ya ile rangi nyembamba ya juu ya gari, jelikoti ni nene kuliko hiyo na ikichakaa inakuwa sugu, utasugua mpaka jioni unga uko palepale.

Ile ya maji maji unayopaka tabaka tano sita bila kusugua?

Hiyo ni akriliki, unapaka kwa kitambaa laini tabaka jembamba juu ya jembamba, inakauka ndani ya dakika chache na boti iliyokufa inang'aa kama imelowa. Kwa boti ya zamani ambayo jelikoti imebaki nyembamba haivumilii kompaundi tena, naielewa. Ila jua muda ukienda inaweza kugeuka njano au kubanduka vipande, hapo lazima uivue yote kwa dawa yake, huwezi kuongezea juu tu. Ukiingia huko umeingia.

## Kuandaa uso

Nitajuaje kama nahitaji kompaundi, au polishi ya kawaida inatosha?

Paka maji sehemu moja. Ikilowa ikarudisha rangi na mng'ao halafu ikikauka inafifia tena, jelikoti bado ipo, inataka kusuguliwa tu. Kisha futa kwa kitambaa cheusi kikavu: unga kidogo, polishi ya kawaida, unga mwingi mpaka kitambaa kimekuwa cheupe, kompaundi kwanza, polishi baadae. Kama haikutoa unga na bado inang'aa kiasi, osha upake nta, usitafute kazi.

Jaribu kipande kidogo kwanza, kama upana wa sahani, kwa ile laini uliyonayo. Anza na laini siku zote. Huwezi kurudisha kilichokwanguliwa.

Hatua zenyewe zinaendaje?

Maji baridi mengi kutoa chumvi, maana chembe za chumvi ukizisugua zinachora. Halafu sabuni. Hapa na hapa tu ile sabuni ya vyombo ya jikoni inaruhusiwa, kwa sababu unataka iondoe nta ya zamani. Suuza, kausha. Madoa ya njano yatolewe sasa (kuna swali lake). Kisha futa kwa kitambaa chenye asetoni (kiyeyusho kikali) kidogo kama ni jelikoti tupu, fungua hewa, vaa glavu, usivute sigara karibu, na usiguse plastiki za madirisha wala sehemu iliyopakwa rangi maana inalainisha. Baada ya hapo polishi, futa vumbi lake lote, ndo nta.

Hapa kwenye kuandaa ndo asilimia kubwa ya siku inaisha na ndo watu wanapochoka wakakimbilia kopo. Nta ya bei yoyote ikipakwa juu ya unga inaondoka na ule unga.

Mashine au mkono?

Nta kwa mkono inatosha. Kompaundi kwa mkono kwenye boti nzima, hapana, bega litakusimulia. Kama hujawahi, chukua ile mashine inayozunguka huku inatikisika pembeni, ni ngumu kuharibu nayo. Ile inayozunguka moja kwa moja inakata haraka ila ukisimama nayo sehemu moja inachoma jelikoti na kuacha mizunguko inayoonekana jua likipiga. Mwendo wa taratibu, pedi isikauke, kwenye kona na kingo inua mkono kwa sababu hapo jelikoti ni nyembamba zaidi.

Nipige msasa kabla?

Kama kompaundi imeshindwa tu. Ule wa maji, anza namba 1000 ama 1200 (namba ikipanda msasa ni laini zaidi), halafu 1500, halafu 2000, kila mmoja ufute mikwaruzo ya uliopita. Ukumbuke nusu milimita. Boti iliyopigwa msasa mara mbili tatu na wenye nayo waliopita inaweza kuwa jelikoti yake imebaki nyembamba kama karatasi, ukianza kuona kivuli cha rangi nyingine au nyuzi kwa ndani, simama hapohapo, haitibiki kwa nta, hiyo inataka rangi.

## Kupaka

Naweza kupaka boti ikiwa kwenye boya, bila kuitoa?

Unaweza, na ndo sababu ya kuchagua polima. Asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, maji yakiwa yametulia kati ya kujaa na kupwa. Kidau kifunge mbele na nyuma, ukikifunga kamba moja utakuwa unafukuzana na ubavu wa boti siku nzima. Vaa jaketi la kuelea, najua unajua kuogelea, vaa tu, maana ukiegemea mbele na mikono miwili iko kazini kidau kinateleza nyuma na wewe unabaki katikati.

Mashine iwe ya betri, ya waya wa umeme isishuke kwenye kidau kabisa. Funga kamba kwenye kila kinachoweza kuzama. Kazi inaenda vipande, kama sentimita sitini kwa sitini, paka jembamba, subiri iwe na ukungu, futa, sogea.

Ule ukanda wa juu kidogo ya mstari wa maji ndo unaosumbua kwa sababu unalowa kila wimbi. Hamishia vitu vizito upande wa pili, madumu ya maji, nanga, na watu kama wapo, boti inainama na ukanda unainuka kutosha kuufuta na kuupaka. Halafu geuza. Kompaundi na asetoni lakini usifanyie majini, vumbi lake na matone vinaishia baharini, hayo subiri boti ikiwa juu.

Jua likiwa kali?

Usipake. Nta inakauka kabla hujaisambaza, inakuwa ngumu, kuifuta ni adhabu. Weka kiganja kwenye ubavu, kama huwezi kukiacha pale kwa raha, bado ni moto. Fuata kivuli, boti iliyo kwenye boya inageuka na upepo kwa hiyo kivuli kinahama, na wewe hama nacho. Umande nao ufute kwanza, nta haishiki juu ya maji.

Tabaka ngapi?

Mbili, nyembamba. La pili linaziba ulikoruka la kwanza, zaidi ya hapo unapaka nta juu ya nta na unafuta nyingi. Kati ya la kwanza na la pili soma kopo, kama halisemi acha mpaka kesho yake.

Nimepaka imekuwa na mawingu haifutiki.

Umeweka nene au kulikuwa na joto. Paka nta mbichi kidogo juu ya ile iliyoganda, italainika, futa zote pamoja kwa maikrofaiba safi. Ikigoma, ukungu kidogo wa maji. Usiikwangue.

## Mahali pa kupaka na pa kuacha

Chini ya mstari wa maji je?

Hapana, kabisa. Huko chini boti inayokaa majini inahitaji rangi ya kuzuia mwani na vile vidudu vyenye magamba, na hiyo rangi inafanya kazi kwa kutoa sumu yake kidogo kidogo, mara nyingi ya shaba. Ukipaka nta juu yake umeifunga mdomo. Na ukiacha nta chini kabla ya kupaka hiyo rangi, itabanduka. Weka utepe wa karatasi kwenye mstari kabla ya kuanza.

Sitaha ya kukanyaga?

Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, nilitaka ing'ae na yenyewe, kilichofuata ni mimi na ndoo yangu tumeelekea nyuma ya boti kwa kasi moja. Sehemu zenye vinundu vya kuzuia utelezi osha tu, au tumia dawa iliyoandikwa wazi kwamba ni ya sehemu za kukanyaga. Kingo za kukanyagia unapopanda, ngazi, na usukani, vivyo hivyo.

Boti yangu imepakwa rangi, sio jelikoti.

Kama ni ile rangi ngumu ya sehemu mbili inayochanganywa, ugumu wake wote uko kwenye ngozi ya juu. Kompaundi inaichubua hiyo ngozi na baada ya hapo inafifia haraka zaidi. Osha kwa sabuni laini, paka polima isiyo na chembe za kusugua, soma kwanza mtengenezaji wa rangi anaruhusu nini. Rangi ya kawaida ya kopo moja ni laini, polishi laini sana inavumilika, mara chache.

Mbao za vanishi, vyuma vya stenlesi, madirisha?

Vanishi usipake nta, utakapotaka kuongeza koti lingine halitashika. Stenlesi paka, ile kutu ya juu ya rangi ya chai inapungua sana ukiifuta na nta kila unapoosha. Madirisha ya plastiki yana polishi yake, mbali na asetoni na mbali na dawa za vioo zenye amonia, yanapata ufa kama buibui.

## Ikishakaa

Nitajuaje nta imeisha?

Mwagia maji baridi boti ikiwa safi. Yakijikusanya matone mviringo na kukimbia, ipo. Yakitanda bapa na kubaki, imeondoka. Boti chafu inadanganya kwa jaribio hili, osha kwanza. Upande unaopigwa jua la mchana na sehemu za juu zilizolala ndo zinaisha mwanzo, ubavu unafuata, kwa hiyo usisubiri boti nzima, ongezea pale palipoisha.

Sabuni gani ya kuoshea?

Ya boti au ya gari, isiyo kali. Ile ya vyombo uliyoiona kwenye hatua za kuandaa ibaki kule, ukiosha nayo kila wiki unavua nta yako mwenyewe halafu unalalamikia kopo. Na hata bila sabuni, maji baridi ya mpira baada ya kila safari yanaongeza maisha ya nta kuliko tabaka la tatu.

Doa la njano karibu na mstari wa maji halitoki kwa sabuni.

Linataka tindikali ya okzaliki, inauzwa kama jeli au unga wa kuondoa madoa. Glavu na miwani, paka, subiri dakika chache, suuza vizuri, hakuna kusugua. Inaondoka na nta pia, kwa hiyo huo ukanda upake upya siku hiyohiyo. Na ukiwa na nta muda wote doa linakuja taratibu zaidi.

Kinyesi cha ndege?

Lowesha kwanza, kiache kilainike, futa. Kikikaa siku kadhaa juani kinaacha alama hata kwenye nta nzuri.

## Kesi ngumu ngumu

Upande mmoja umefifia, mwingine bado mpya, nini kimetokea?

Boti imefungwa gatini ikielekea upande uleule siku zote. Igeuze mara moja moja. Pia angalia fenda (ile mito ya kukinga ubavu usigonge gati), mchanga ukinasa kati ya fenda na ubavu unasaga kama msasa, pale nta haiwezi chochote, vika fenda kitambaa na kioshe.

Nta yenye silikoni ina shida gani?

Kwa kung'aa hakuna. Shida inakuja siku unataka kuziba ufa au kupaka rangi, silikoni iliyobaki inafanya rangi ikimbie na kuacha vitundu kama macho ya samaki. Ikishatokea, futa kwa kiyeyusho chake na vitambaa vipya vingi, ukigeuza kila mara, kabla ya kugusa msasa, ukianza na msasa unaisukuma ndani zaidi.

Seramiki imechakaa sehemu moja tu, niongezee?

Haishiki vizuri juu ya yenyewe iliyochoka na mpaka utaonekana. Hicho kipande kisuguliwe kwa polishi mpaka koti litoke, ndo upake tena, kazi ya nchi kavu. Kwa sasa kama boti iko majini paka polima hapo, itakuvusha mpaka utakapoipandisha, na siku hiyo polishi itaiondoa.

Jelikoti ya bluu iliyokoza inafifia ndani ya miezi miwili hata nikipaka.

Rangi nzito inameza joto na kila unga unaonekana. Hapo ratiba ni fupi, hakuna kopo la kukwepa hilo, osha mara nyingi zaidi na rudia polima kila matone yakianza kulala. Kama bado inatoa unga wiki chache baada ya polishi, jelikoti imekufa kwa ndani, anza kuulizia mafundi wa rangi.

Vitambaa vilivyotumika nivitupe wapi?

Vya asetoni vitandaze nje vikauke kabla ya kutupa. Vya mafuta ya mbao hasa yenye mafuta ya kitani, usivikunje ukavisokota kwenye ndoo ndani ya boti, vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Viloweshe maji, viweke kwenye kopo la chuma lenye mfuniko, vishuke nawe.